Kila Mtu na Sababu Yake

Asubuhi ile nilifunga koki ya Mtaa wa Kwamchele huku napiga mluzi. Nasema hivyo kwa aibu, maana wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao karibu kabisa na chemba yangu, na wengine hawakuwa wamejaza hata nusu.

"Yona," ile punje niliyowekewa sikioni iliniambia, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeshiba, "maji unayoyazuia hapa yanateremka moja kwa moja hadi wodi ya figo. Kuna mama amelazwa asubuhi hii. Mashine haiwezi kumsafisha damu bila maji. Zungusha taratibu, bomba limechoka."

Nikazungusha taratibu. Mama mmoja mwembamba, kanga ameikaza kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Baba, mbona mapema hivyo? Watoto hawajanawa hata uso."

"Vumilia, mama," nikamjibu kwa upole wa mchungaji. "Kuna wagonjwa wanayasubiri."

Na nilikuwa namaanisha. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Sikuwa namdanganya yule mama. Nilikuwa nimejaa huruma kabisa, huruma ya mtu mwingine ambaye sikumwona, nikamfungia maji yeye niliyekuwa namwona.

Makutano Mapya ni mji mkavu. Mashine ndizo zinazohesabu maji, zinajua bomba limetoboka wapi kabla fundi hajaamka, na zinaweza kufunga koki zenyewe bila mtu. Zamani zilifanya hivyo. Ukifungiwa, unatoka nje unatafuta wa kumtukana, humwoni. Watu wakachoka kutukana hewa, wakaenda kuchoma pampu. Ndipo wakubwa wakakaa huko wanakokaa, wakatoka na sheria: koki ifungwe kwa mkono wa mtu. Siyo kwamba walitaka mtu aamue. Kuamua kulibaki kulekule. Walitaka uso wa kutemewa mate tu, na nyuso za namna hiyo wanajua zinapopatikana, kwetu sisi tulioishia darasa la saba.

Walichosahau ni kwamba mkono haukuja peke yake, ulikuja na mtu mzima. Mwaka wa kwanza wafungaji walianguka kama nzi. Presha. Vidonda vya tumbo. Masima, jamaa yangu wa Mlowa, aliacha ufunguo wa koki umesimama chembani akatembea kuelekea porini, na alipofuatwa akasema hamjui mtu anayeitwa Masima. Mtu mwenye akili angeuliza, hii kazi ina nini? Wao wakaleta dawa.

Mtaalamu mmoja wa viatu visafi alitukusanya kwenye banda la pampu kutufafanulia. Msongo, alisema, unatokana na mkono kufanya lile ambalo moyo haulithamini. Kila mtu ana tunu zake. Ukitaka mtu apone, ama umbadilishie kazi ifanane na tunu zake, ama umwonyeshe kwamba kazi aliyonayo tayari inafanana nazo. "Hiyo ya kwanza ina usumbufu," akasema, akacheka peke yake.

Basi tukawekewa punje. Kidude kidogo kama uwele, kinakaa ndani ya sikio kinasikiliza damu inavyopita. Mwezi mzima hakikusema kitu, kazi yake kuuliza. Mama yako alikukataza nini ulipokuwa mdogo? Ni msiba upi uliokuliza kuliko yote? Mimi nilijibu. Nani mwingine alikuwa ananiuliza? Nikakisimulia habari za mke wangu Merina, alivyovimba miguu, alivyokwenda na kurudi wodi ya figo, na siku ile maji yalipokatika wakamtoa kwenye mashine akiwa nusu, wakasema arudi kesho, na kesho yake nikarudi naye nyumbani kwenye sanduku. Damu iliruka, punje ikasikia. Asubuhi moja ikaacha kuuliza, ikaniambia maji yanakokwenda. Nililia mle chembani kama mtoto. Halafu nikalala usingizi, mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa asubuhi ile ya mluzi, nilipomaliza kufunga, punje ikaongeza. "Kesho, Yona, Kwamchele itafungwa moja kwa moja hadi mvua zirudi. Utatia lakiri mwenyewe, koki isifunguliwe tena."

Moyo ukaniruka. Kwamchele anaishi Mama Ndahani. Merina alipokuwa hajiwezi na mimi niko zamu, ndugu zangu wa damu walipokuwa kila mtu na udhuru wake, Mama Ndahani ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamlisha uji, anamkemea akikataa. Mtaa wenyewe hauna kisima. Kufungiwa hadi mvua maana yake ni kuhama, na mwanamke yule ana mguu mmoja mbovu na hana pa kwenda.

"Nimesikia," punje ikasema, maana ilikuwa imesikia kweli. "Mfikirie Merina."

Nikamfikiria Merina. Moyo ukatulia.

*

Koki ile tulikuwa wawili. Asubuhi naifunga mimi, jioni, ikishafunguliwa tena, anaifunga Nyamizi. Huyu ni mwanamke wa Kinyamwezi, mpana, mdomo wake upande mmoja umeshuka kidogo tangu alipoangukia kwenye mfuniko wa chemba mwaka ule wa kwanza. Mimi ni Mgogo, yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu hauna likizo. Mchana tunakula pamoja kwenye banda la pampu.

"Sogea huko, Mgogo, unanuka zizi," akaniambia siku hiyo akiketi. "Na leo umebeba nini? Mlenda tena? Nyie mkifa mtateleza mpaka mbinguni."

"Heri yangu nitafika. Nyie na michembe yenu, viazi vikavu kama magome, mtakwama kooni mwa malaika."

"Malaika wa kwenu wana fimbo, wanachunga." Akanyakua nyama kwenye bakuli langu, akaitia mdomoni huku ananitazama usoni. Hiyo ni haki yake. Mtani akichukua chako hununi, unangoja zamu yako uchukue chake.

Wakati wa kula tunavitoa vile vidude na kuviweka dirishani vipate jua, maana vinajilisha kwa jua. Changu kilikuwa upande wa kulia, chake kushoto, kila kimoja juu ya kitambaa. Nyamizi akaangalia kulia.

"Hivi wewe huwa unaambiwa nini," akasema, "hata unatembea siku hizi kama bwana harusi?"

"Hayakuhusu."

"Hayanihusu?" Akanyoosha mkono, akachukua punje yangu, akaifuta kwenye kanga, akaitia sikioni mwake.

Nadhani wale wataalamu huko walikozitengenezea hawakuwahi kulifikiria jambo hili. Ni mtu gani mwenye adabu zake atatia sikioni kidude cha sikio la mtu mwingine? Walikuwa hawajui utani. Punje ikiingia sikioni huanza kwa kurudia maneno yake ya mwisho, kabla haijatambua damu ni ya nani. Nyamizi akainamisha kichwa, akasikiliza. Mimi sikununa. Nikachukua ya kwake, nikaitia sikioni kwangu.

"...maji ya Kwamchele, Nyamizi," sauti ileile iliyoshiba ikasema, "yanakwenda bweni la wasichana kule mlimani. Ukifunga vizuri wataoga kabla ya mtihani wao. Kuna mmoja anafanana na wewe ulipokuwa darasa la tano."

Kisha ikanyamaza. Ilikuwa imegundua damu si ya Nyamizi.

Tulitazamana. Nilijua habari za Nyamizi na darasa la tano. Baba yake alimtoa shule akamwoza, na mpaka leo akiona watoto wa sare anasimama kidogo barabarani, anajifanya anafunga kiatu.

"Wewe jioni unafunga koki gani?" nikamuuliza, japo nilijua.

"Hiyohiyo unayofunga wewe asubuhi."

"Labda yanagawanyika huko mbele."

"Labda," akasema. Hatukucheka. Wote wawili tunalijua lile bomba, ukilikumbatia viganja vinakutana. Halina uwezo wa kunywesha wodi na bweni pamoja, tena kila mmoja wetu ameambiwa yote yanakwenda mahali pamoja tu.

Nyamizi akaitoa punje yangu sikioni taratibu, kama mtu anayechomoa mwiba, akaiweka juu ya kitambaa changu. Akanyoosha kiganja. "Nirudishie ya kwangu."

"Nyamizi, wametuambia..."

"Sijasikia kitu. Na wewe hujasikia kitu." Alikuwa ameikunja kanga mkononi. "Unaniona huu mdomo? Daktari alisema nikianguka tena siamki. Sikuanguka tena. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya wale wasichana. Nikifunga jioni nawaona wanaoga, wanamwagiana maji, wanapiga kelele, matroni anawagombeza. Nawaona, Yona. Usiende kuniulizia kama wapo. Hapa sikutanii."

Nikamrudishia. Aliitia sikioni kabla hata ya kuifuta.

*

Sikwenda bwenini. Nilikwenda wodini.

Tangu siku niliyomtoa Merina pale sikuwa nimekanyaga tena. Kila nikipita barabara ile nilikuwa nageuza shingo. Na sasa nilipokuwa napanda ngazi nilijikuta naomba, siyo kwa maneno, kwamba nikute mashine zinanguruma, nikute mama amelazwa pale, maji yanapita. Angalia nilivyokuwa nimefika: namwombea mtu awe mgonjwa ili mimi nipate usingizi.

Muuguzi aliyenipokea ni Sista Eliwaja, yuleyule wa wakati ule. Alinikumbuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu siku zile?"

"Nzuri," nikasema. "Nimekuja kuona wodi ya figo."

Akanitazama kwa huruma. "Ilihamishwa, baba. Ilipelekwa mkoani, muda si mrefu baada ya mama kufariki. Hukuambiwa?"

Nilimwomba anifungulie tu. Akaleta funguo. Chumba kilikuwa kimejaa viti vya plastiki, vyeupe, vimepandana mpaka dari. Hospitali inavikodisha kwenye maharusi, akaniambia, inasaidia kununua dawa. Pale kilipokuwa kitanda cha Merina palikuwa na vitambaa vya kufungia viti, vile vya dhahabu vyenye fundo nyuma. Ukutani niliona mdomo wa bomba la mashine. Walikuwa wameuziba, na kizibo kilikuwa kimekwisha ota kutu.

Nilishika kile kizibo. Kikaniachia kutu mkononi.

"Pole, baba," Sista akasema nyuma yangu. Alidhani namlilia mke wangu. Nikamwacha adhani hivyo, maana ningemweleza nini? Kwamba misimu yote hii nimekuwa nikimtumia marehemu kama kitambaa cha kuzibia masikio? Kila ndoo niliyoiacha nusu pale Kwamchele niliiacha kwa jina lake. Merina, ambaye hakuwahi kumnyima mtu maji maishani mwake. Hata mbwa wa jirani alikuwa na bakuli lake kwetu. Nilimchukua mwanamke huyo nikamfanya awe mkono wangu wa kufungia, na nikalala vizuri.

Walionidanganya ni wao. Nalijua hilo, na nitalisema popote. Lakini walikuta mlango wazi.

*

Injinia wa kanda yetu ni binti mdogo, Mpare, anaitwa Namsifu Mbwambo. Ofisi yake ina kiyoyozi na picha ya ziwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumtukana, na nilipoingia akainuka kitini akasema, "Shikamoo, mzee wangu, karibu ukae," nikapoteza tusi la kwanza.

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia habari yote. Viti. Kizibo. Bweni. Nikatoa punje sikioni nikaiweka mezani kwake, juu ya kioo, ikabingirika kidogo.

"Maji ya Kwamchele yanakwenda wapi?" nikamuuliza. "Wewe ndiye umesoma. Niambie."

Nilitegemea ataona haya. Watu wa ofisini wakikamatwa huanza kupanga vitu mezani. Huyu uso wake uling'aa.

"Mzee wangu, ninafurahi umeuliza, wengi hawaulizi. Yanarudishwa chini. Kuna mwamba mkubwa chini ya mji huu, kama tangi, ulikuwa umekauka. Tunaujaza kidogo kidogo. Sisi hatutauona umejaa. Ila wajukuu zetu watachimba hapa na kukuta maji. Kila mtaa tunaoufunga, ninaona..." Akacheka kidogo kwa aibu. "Ninawaona, yaani. Watoto ambao hawajazaliwa."

Ndipo nikaiona. Ilikuwa ndani kabisa ya sikio lake la kushoto, nyuma ya hereni. Punje kama yangu.

Nikakaa bila kukaribishwa tena.

"Na wewe umewekewa," nikasema.

"Sote tumewekewa. Mpaka mkurugenzi. Unadhani kazi hii ya kupanga nani akose ni nyepesi? Nilikuwa nanyonyoka nywele, mzee."

"Huo mwamba umewahi kuuona?"

"Uko chini sana."

"Umewahi kumwona mtu aliyeuona?"

Aligusa sikio, kidogo tu, kama mtu anayehakikisha hereni ipo. "Mzee wangu, mfumo una hitilafu upande wako. Wodi ilihamishwa, taarifa zake zikachelewa kubadilishwa. Hilo ni kosa letu, na nakuomba radhi kweli. Tutakulinganisha upya. Haitachukua muda. Utapata sababu nyingine."

"Sababu nyingine."

"Inayokufaa zaidi."

Nimewachukia wakubwa maisha yangu yote, na chuki ile ilikuwa inanisaidia. Siku zote nilijua kwamba juu kuna mtu anayejua, mtu mmoja mnene anayekunywa maji yetu na kufahamu kabisa ni yetu. Nikamtazama binti yule wa watu, macho yake maangavu, nikaona kumbe yawezekana ukapanda ngazi mpaka mwisho usimkute. Ila bado nawalaumu. Mtu aliyekubali kupanga nani akose asidai usingizi.

"Wewe ni Mpare," nikamwambia. "Ungekuwa mtani wangu ningekunyang'anya hicho kidude sasa hivi."

Alidhani natania. Akacheka. Halafu akasema, kwa wema kabisa, "Kesho pumzika, mzee. Lakiri ya Kwamchele nitamtuma Nyamizi akaitie. Yeye amelinganishwa vizuri sana."

*

Kesho yake nilifika Kwamchele mapema, nikakaa juu ya mfuniko wa chemba. Sikio la kulia lilikuwa tupu. Kulikuwa na upepo ndani yake, upepo ambao sikuwa nimeusikia kwa muda mrefu. Nilikuwa sijalala.

Wanawake walikwisha panga ndoo. Mama Ndahani alikuja akivuta mguu wake, na dumu la njano mkononi.

"Shemeji," akaniambia, "wanasema leo ndiyo mwisho."

"Wanasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

Nikageuka, maana Nyamizi alikuwa anakuja. Ufunguo mrefu wa koki ameutia begani kama jembe, na lakiri kwenye kijifuko.

"Ondoka hapo, Mgogo," akaita kutoka mbali. "Unaatamia? Kazi yangu hiyo unaikalia."

"Kaa na wewe, tuatamie wote."

"Mimi na wewe tukiatamia atatoka mnyama gani?" Wanawake wakacheka. Nyamizi akafika, akausimamisha ufunguo chini. Alikuwa anahema. "Haya, toka. Kweli."

"Nilikwenda wodini jana."

"Sijakuuliza."

"Kule kuna viti vya harusi, Nyamizi."

"Sijakuuliza!" Mkono wake ukaruka kufunika sikio. Shingoni kwake mshipa ulikuwa unapiga, niliuona wazi, na ule upande wa mdomo ulioshuka ukaanza kutetemeka. Akainama karibu yangu ili wanawake wasisikie. "Kaka yangu," akasema. "Nakuomba."

Tangu tumejuana hajawahi kuniita kaka. Ameniita mbuzi, ameniita mchunga mavi, ameniita kila kitu kilichopo zizini. Nilijua nikinyoosha mkono tu ninaitoa punje yake. Ni haki yangu, asingeweza hata kununa. Ningekuwa nimesema kweli. Na angeanguka palepale kwenye mfuniko, kama siku ile, na safari hii asingeamka. Nani angemwua? Wao. Lakini mkono ungekuwa wangu, kama kawaida yao.

Nikasimama. "Nipe huo ufunguo. Nitafunga mimi."

"Injinia kasema mimi."

"Kazi hii ya lakiri ni nzito kwako. Nipe."

Hakuuachia. Alikuwa ananichungulia usoni. "Utafunga kweli?"

"Nitafunga," nikasema. "Wasichana wanasubiri kuoga. Wana mtihani."

Niliutazama uso wake ukilegea. Kwanza paji, halafu macho, halafu ule mdomo. Nadhani na mimi ndivyo nilivyokuwa nikionekana mle chembani, kila asubuhi. Haikuhitaji mtaalamu wala mashine. Nilihitaji kujua tu palipo kidonda chake, na nilikuwa napajua, kwa sababu alikuwa rafiki yangu.

"Mla mlenda wewe," akasema, akanipiga begani kwa nguvu. "Ulitaka kunitia presha bure." Akaniachia ufunguo na kile kijifuko. Akaondoka akitikisa mikono kama mtu aliyetua mzigo, na alipofika kona akageuka akanizomea, na mimi nikamzomea.

Mama Ndahani alikuwa amesikia yote.

"Wasichana gani hao?"

"Hakuna wasichana, shemeji."

"Mbona umemwambia hivyo?"

"Alale."

Akafikiri. Huyu ni mwanamke aliyeuguza wengi, haharakishi. "Na sisi ulikuwa unatuambia kuna wagonjwa."

"Ndiyo."

"Walikuwepo?"

"Hawakuwepo. Nilikuwa nadhani wapo. Nilikuwa..." Nikaugeuza ufunguo mkononi. "Nilikuwa namweka Merina pale."

Hakusema pole. Ningefurahi angenitukana, na hakunitukana. Alitazama ndoo za wenzake, akatazama ufunguo mkononi mwangu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Haya. Unafunga au hufungi?"

"Jazeni," nikasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka waje kunitoa. Jazeni kila kitu."

Habari ikapita foleni nzima. Wakakimbia majumbani, wakarudi na masufuria, mabeseni, mapipa ya pombe, mpaka karai la plastiki la kumwogeshea mtoto. Kelele zikawa nyingi. Nilishuka chembani nikaizungusha koki mpaka mwisho, upande wa kufungua, nikasikia bomba linatetemeka na maji yanakuja kwa kishindo. Nilipotoka, Mama Ndahani alinisukumia lile dumu la njano kifuani.

"Shika," akasema. "Usisimame tu."

Nikalishika. Likawa zito haraka, maji yakanimwagikia miguuni, baridi. Wakati ule nilijua kwamba mahali fulani huko mbele, kwenye bomba lilelile, yalikuwa yanampungukia mtu. Labda mgonjwa. Labda mtoto mwenye sabuni kichwani. Sikio langu lilikuwa tupu, na hapakuwa na wa kuniambia ni nani.